Tangi la samaki lililokaa stoo: maswali ninayoulizwa kabla halijatiwa maji tena

Mvua zikishakatika na upepo wa kusi ukaanza, Mtwara huwa ni msimu wa kutoa vitu stoo. Ndipo matangi ya samaki yanapoonekana: lililoachwa na mpangaji aliyehama Shangani, lililotolewa kwenye ukumbi uliobadili mapambo, na lile ambalo mtoto aliliomba kwa machozi halafu samaki wakafa ndani ya wiki mbili. Nimeyafufua kadhaa kwa mikono yangu, na nimeua samaki wa kutosha kujua nilikosea wapi. Haya ndiyo maswali watu huniletea, wengine tangi lenyewe likiwa bado kwenye bajaji.

Nimepata tangi kuukuu. Nianze na nini?

Anza na mdomo kabla ya dodoki. Muulize aliyekupa: lilikuwa na maji baridi au maji ya bahari? Samaki wa mwisho walihama au walikufa? Kama walikufa, walikufa mmoja mmoja au wote kwa usiku mmoja? Waliwahi kutiwa dawa? Na tangu samaki watoke, tangi limebeba nini?

Swali la dawa watu hulipuuza, nalo lina uzito wake. Dawa nyingi za kuua vimelea vya samaki zina shaba, madini yale yale ya nyaya za umeme. Shaba hunyonywa na silikoni, ile gundi inayoshikanisha vioo kwenye pembe, pamoja na mawe ya mapambo, kisha hurudi majini kidogo kidogo hata miezi baadaye. Samaki wengi huvumilia. Uduvi na konokono hawavumilii kabisa. Ukijua tangi liliwahi kutiwa shaba, fuga samaki tu, na mawe ya humo uyatupe.

Ukikosa wa kumuuliza, lichukulie kama chumba alicholala mgonjwa. Utafanya kazi zaidi kidogo, lakini hutajuta.

Lilikuwa shambani, likiwekewa vifaa vya mikorosho. Bado linafaa?

Kwa samaki, hapana. Najua linauma, maana kioo chenyewe utakuta bado kizima. Lakini viuatilifu vinavyopulizwa kwenye mikorosho vingine huua samaki kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho jicho wala pua haiwezi kukigundua, na silikoni huvihifadhi. Hali ni hiyo hiyo kwa tangi lililowekewa mafuta ya taa, dizeli au rangi.

Hapo hapo niongeze jingine, kwa sababu nimeliona zaidi ya mara moja: usichote maji ya samaki kwa ndoo ya kuchanganyia dawa za shamba, hata kama imeoshwa mara kumi. Tenga ndoo moja ya samaki, iandike kwa wino mzito, na watu wa nyumbani waambiwe.

Nilioshe kwa sabuni gani?

Hakuna. Si ya unga, si ya mche, si ya maji ya kuoshea vyombo.

Tangi langu la kwanza nililiosha kwa sabuni ya unga hadi likang'aa kama kioo cha saluni. Nilisuuza mara nne, nikatia maji, nikaweka samaki sita wadogo aina ya gapi jioni. Asubuhi walikuwa juu ya maji, matumbo yakiwa yameangalia dari. Sabuni huharibu ule utelezi unaomkinga samaki na huvuruga mashavu anayopumulia, na mabaki yake hujificha kwenye silikoni hata kama kioo kinang'aa kwa usafi. Dawa za kusafishia madirisha ni hivyo hivyo.

Uchafu wa kawaida hutoka kwa maji ya uvuguvugu na kusugua. Palipogoma, chukua chumvi ya mawe, iloweke kidogo, sugua. Chumvi ni laini kuliko kioo, haikwaruzi, na mabaki yake huyeyuka na kuondoka na maji.

Nisugue kwa mchanga na makumbi kama tunavyosugua sufuria?

Sufuria ikikwaruzwa inaitwa safi. Kioo kikikwaruzwa kimeharibika, na kila mkwaruzo utageuka maskani ya ukijani. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Hata makumbi yaliyolala ufukweni yana mchanga ndani yake usiouona.

Tumia dodoki. Linapatikana sokoni, ni la bei ndogo, linasugua vizuri, nalo likichakaa linatupwa bila huruma. Stilwaya iache jikoni. Kwa utando uliokauka na kugandamana, wembe mpya unafaa: ulaze karibu na kioo, sukuma kwa kwenda mbele, na ukifika sentimita moja kutoka pembe, simama. Ukiikata silikoni, kazi ya nusu saa imegeuka kazi ya wiki nzima.

Kama tangi ni la plastiki ngumu badala ya kioo, weka wembe chini na chumvi pia. Kitambaa laini tu.

Kuna gamba jeupe pale maji yalipokuwa yakiishia. Nimesugua hadi mkono umechoka.

Hilo ni chokaa, na nguvu hailitoi. Maji ya visima vya pwani yetu hupita kwenye mawe ya matumbawe, huyeyusha chokaa njiani, na yanapokauka kwenye kioo huiacha hapo. Ni ndugu wa chokaa ileile iliyojenga nyumba za kale za Mikindani, kwa hiyo usishangae ikigoma.

Dawa yake ni tindikali nyepesi. Siki nyeupe ya dukani, yenye asilimia 5 hivi, inatosha. Walio na ndimu nyingi uani watumie ndimu, ila wachuje nyuzi zake.

Makosa ya wengi ni kumwagia siki kioo kikiwa kimesimama. Inateremka yote chini, gamba linakutazama. Lilaze tangi ubavu ili kioo chenye gamba kiwe chini kama sakafu, umwage siki itulie juu yake. Kama tangi ni zito, chana kipande cha kanga kuukuu, kiloweke siki, kibandike kwenye gamba, kisha funika na mfuko wa plastiki siki isikauke. Acha saa moja. Utaona vipovu vidogo vikipanda, hiyo ni tindikali ikiila chokaa na kutoa hewa. Vipovu vikikoma na gamba bado lipo, siki imechoka, weka nyingine. Gamba la miaka huhitaji duru tatu, wakati mwingine nne, na ya mwisho humalizia na wembe.

Ikibaki hali ya ukungu isiyotoka hata kwa siki, huenda kioo chenyewe kimeliwa. Usihangaike nacho. Tangi likijaa maji, ukungu huo kwa kawaida hufifia hadi mgeni asiuone.

Lazima nitumie jiki?

Kama unawajua samaki waliokuwamo, walikuwa wazima, na tangi limekauka kavu kwa miezi, siyo lazima. Vimelea vingi vya samaki, pamoja na vile vya ugonjwa wa vidoa vyeupe, haviishi muda mrefu bila maji na bila samaki wa kumng'ang'ania. Siki, kusuuza na jua vinatosha.

Kama samaki walikufa kwa ugonjwa, au hujui kitu, tumia. Nikisema jiki nasema dawa ya kufulia nguo nyeupe, ya kampuni yoyote, mradi iwe tupu: isiwe na harufu ya maua, isiwe na sabuni ndani. Soma chupa kabla ya kulipa.

Kipimo changu ni kimoja kwa kumi na tisa: lita 1 ya jiki, lita 19 za maji, ndoo kubwa imejaa. Kwa tangi dogo ni mililita 50 na maji mpaka ifike lita 1. Osha uchafu wote kwanza, kwa kuwa klorini iliyomo kwenye jiki ikikutana na tope humalizikia kwenye tope na vijidudu vinasalimika. Kisha paka ndani kote na uhakikishe kioo kinabaki kimelowa kwa dakika 15 hadi 20. Usiliache usiku kucha ukidhani ndiyo usafi zaidi. Silikoni haipendi.

Suuza, suuza, suuza tena. Halafu liache wazi penye upepo na jua siku mbili. Kusi ikiwa inavuma kazi hii ni tamu. Kuanzia Desemba, mvua za kwetu zikishaingia, liweke barazani na uongeze siku. Siku ya mwisho ingiza pua ndani ya tangi uvute hewa. Ukisikia harufu ya klorini hata kwa mbali, rudi kwenye kusuuza.

Vaa glavu, fanyia kazi nje, na usivae nguo unayoipenda.

Nikichanganya siki na jiki pamoja, si kazi itaisha mara moja?

Itaisha vibaya. Jiki ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huchoma macho, koo na mapafu. Jiki ikikutana na dawa yenye amonia, au na mkojo wa paka aliyelifanya tangi choo chake, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Siki siku moja, suuza kabisa, jiki siku nyingine. Ukishaichanganya kwa bahati mbaya, usibaki kuokoa tangi. Toka, waondoe watoto, rudi hewa ikishatulia.

Lilikuwa nje msimu wote wa mvua. Lina maji na viluwiluwi vya mbu.

Hili lishughulikie leo, hata kama tangi huna mpango nalo mpaka mwakani. Mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hupenda vyombo vya namna hii karibu na nyumba, na ndiye anayeeneza dengue na chikungunya. Jina chikungunya lenyewe ni letu. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 huku huku kwenye uwanda wa Makonde, ukaitwa kwa neno la Kimakonde la kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Dunia nzima inalitamka sasa, wengi bila kujua ni la wapi.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hutaga pembeni, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Siku utakapotia maji ya samaki, yanaanguliwa. Mwaga maji kwenye ardhi kavu, sugua kuta zote hadi juu ya ukingo, kisha pitisha jiki kwa kipimo nilichotaja. Tangi tupu lisubirie likiwa limepinduliwa au ndani ya nyumba.

Mimi mwenyewe naweza kuugua kwa kusafisha tangi?

Si kawaida, ila njia zipo. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, anayeishi kwenye maji ya samaki na kuingia kupitia michubuko. Wiki mbili hadi nne baadaye kinatokea kinundu kidoleni au mkononi, hakiumi sana, hakiponi pia. Mtu hupaka hiki na kile mpaka miezi inapita. Ukikiona, nenda hospitali, na mwambie daktari waziwazi kwamba ulisafisha tangi la samaki. Bila neno hilo anaweza asifikirie kabisa.

Kwa sababu hiyo glavu ni lazima ukiwa na jeraha. Bakteria huyu pia ni mkaidi mbele ya jiki. Kama samaki wa zamani walikonda, wakapinda migongo na kufa polepole, baada ya jiki na kukausha futa ndani kwa spiriti ya asilimia 70, uiache ikauke yenyewe, mbali na jiko na sigara.

La pili, usinyonye mpira kwa mdomo ili kuvuta maji machafu. Ujaze mpira maji, ziba ncha moja kwa kidole gumba, shusha kwenye ndoo, achia.

La tatu ni kichocho. Wapo wanaokwenda kuchota konokono na majani ya mapambo kwenye madimbwi na kingo za mito, Lukuledi au Ruvuma, miguu ikiwa ndani ya maji. Kichocho cha mkojo huku tunakijua, na wanaokibeba ni hao hao konokono wa maji baridi. Usiwalete nyumbani.

Nitajuaje kama linavuja?

Kwa kulijaza nje, kabla ya sebule kujua. Tafuta mahali tambarare kabisa, tandika gazeti kavu chini, jaza kwa hatua: robo, subiri, nusu, subiri, halafu lote. Liache saa 48. Gazeti litakuambia hata tone ambalo jicho halikuliona. Usitie maji ya baridi kwenye kioo kilichopigwa na jua la mchana, kitapasuka mbele yako.

Uzito wake watu huusahau. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, umepata lita. Tangi la 90 kwa 40 kwa 45 linabeba lita 162, na kila lita ni kilo moja. Meza ya televisheni haikuumbwa kwa ajili hiyo. Wala usilinyanyue likiwa na maji, hata robo.

Likivuja pembeni, kuziba palipovuja tu ni kujidanganya, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani. Kata ukanda wote wa ndani kwa wembe, futa mabaki kwa spiriti, paka upya mara moja bila kukatiza. Unaweza kumpa fundi wa aluminiamu na vioo, mikono yao ni mizuri. Lakini silikoni nunua mwenyewe. Ile ya bafuni na madirishani mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tafuta iliyoandikwa ni silikoni tupu au inafaa kwa akwariamu. Itanuka siki inapokauka. Ipe wiki nzima, ndipo ujaribu maji tena.

Ufa kwenye kioo cha chini, hata ukiwa mfupi kama kucha, hauzibwi. Hapo tangi limestaafu.

Mchanga na mawe ya zamani nitumie tena?

Mchanga, sponji na vipande vya mbao vya tangi lisilojulikana natupa. Vimejaa matundu, hujui vimenywa nini. Mawe magumu unaweza kuyasugua na kuyamwagia maji ya moto, ila usiyachemshe sufuriani, kwa kuwa jiwe lenye hewa au maji ndani laweza kulipuka.

Ukitafuta mapya, beba ndimu. Kamulia matone juu ya jiwe: likitoa vipovu lina chokaa, na litafanya maji yawe magumu siku zote. Ufukweni kwetu karibu kila jiwe litatoa. Si ubaya kwa kila samaki. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wenye rangi za buluu na manjano, wanapenda maji ya namna hiyo, na samaki aina ya moli pia.

Matumbawe hai na samaki wa mapambo wa baharini, waache baharini. Kuanzia Msimbati kwenda Ruvuma ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na humo huchukui kitu bila kibali.

Pampu na waya zake?

Fungua pampu, toa kile kipangaboi kidogo chenye sumaku, loweka vyote kwenye siki, suuza, jaribu ndani ya ndoo. Waya uliochunika au plagi iliyoungua, tupa. Hita ya zamani tupa tu, joto la Lindi na Mtwara linatosha. Ukifunga waya, uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda, ili tone la maji lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Nitie maji gani, na samaki lini?

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja hadi mbili klorini itoke, au tumia dawa yake ya matone. Ya kisima, onja: yakiwa na chumvi chumvi, chagua samaki wanaoyaweza au tafuta mengine. Ya mvua ni laini mno peke yake, changanya, na yale ya kwanza yanayoosha bati usiyakinge.

Halafu ngoja. Hapa ndipo nagombana na watu. Umesafisha vizuri, kwa hiyo umeua pia bakteria wazuri wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisichodhuru sana. Kuwapata tena huchukua wiki nne hadi sita. Njia ya mkato halali ni kuomba kipande cha sponji kutoka kwenye tangi zima la rafiki, kikiwa bado kimelowa. Vinginevyo anza na samaki wawili wagumu, wape chakula kidogo, badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki. Ukiweka kumi siku ya kwanza kwa sababu watoto wanasubiri, utawazika.

Maji machafu niyamwage wapi?

Ya samaki wa maji baridi, kwenye migomba, yataipendeza. Yenye jiki au chumvi, mbali na mimea na mbali na kisima. Yoyote yenye konokono au majani ya dukani yasifike mtoni wala bwawani.

Na likishindikana?

Jirani yangu alikuja na tangi lenye ufa wa chini mzima, amelisugua siku mbili kabla ya kuniuliza. Alinuna kidogo. Sasa limepinduliwa juu ya meza ya duka lake, ndani kuna nyuzi za kushonea na vifungo, na vumbi la barabarani halivifikii.